Anayebisha Hodi Mtini

Wasomaji wetu walioko Ulaya wanafahamu jambo ambalo ni vigumu kumweleza mtu aliyeko Morogoro au Kisumu: mwezi wa Februari una siku chache kuliko miezi yote, lakini ndio unaochelewa kwisha. Watoto wamefungiwa ndani tangu Novemba. Hapa London mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mama anayekwenda kazini huondoka na giza na kurudi na giza. Ifikapo Machi nyumba imekuwa ndogo. Kaka na dada wanagombania kiti kile kile, televisheni haizimwi, na simu ndiyo imekuwa yaya.

Katika majuma hayo familia yetu hufanya jambo moja lisilogharimu kitu. Tunabeba darubini moja, kamera moja kuukuu na chupa ya chai, tunakwenda bustani ya Richmond Park, kusini-magharibi mwa jiji, kumtafuta kigong'ota. Wengine humwita kigogota au gogota. Ni yule yule ndege agongaye miti kwa mdomo wake.

Akina mama wenzetu wametuuliza mara nyingi: kwa nini ndege, na kwa nini huyo? Jibu letu ni fupi. Kwa sababu ana kelele, na kwa sababu miti bado haina majani. Mtoto wa miaka sita hawezi kumtafuta ndege mdogo aliye kimya ndani ya majani. Atachoka kabla ya dakika kumi na kuanza kuulizia biskuti. Lakini kigong'ota hujitangaza mwenyewe. Ukisikia mlio, unageuka, unauona mti mtupu wote mpaka kwenye vijiti vya juu, na yeye yupo pale, mweusi na mweupe, amening'inia kama aliyepigiliwa misumari.

Nafasi hiyo haidumu. Mwaloni, ambao ndio mti mkuu wa bustani hii, hauvai majani mpaka kuelekea mwisho wa Aprili. Kigong'ota huanza kugonga tangu Januari siku ikiwa na jua, na katika Machi ndipo hukolea. Baadaye majani yakishafunga utamsikia tu, wala usimwone. Kwa hiyo anayetaka kuwapeleka watoto asingoje hewa ipate joto. Avae koti.

Bustani yenyewe ni kubwa, hekta 955. Mfalme Charles wa Kwanza aliizungushia ukuta mwaka 1637 ili apate mahali pa kuwinda kulungu, na kulungu wapo hadi leo, zaidi ya mia sita. Kuingia ni bure. Sharti ni kukaa mbali na kulungu, si chini ya meta 50, hata kama wanaonekana wapole kama mbuzi wa jirani. Ipo mialoni ambayo ni mizee kuliko ukuta huo wa mfalme, mingine ina mashimo ambamo mtoto anaweza kusimama.

Hodi si chakula

Watu wengi hudhani kwamba kila anapogonga anatafuta wadudu. Si hivyo. Anapotafuta chakula hugonga polepole, mara moja, mara tatu, anabandua gome, anachungulia. Mlio ule wa haraka unaosikika mbali, kama mtu anayetelezesha kijiti juu ya ubao wenye mifuo, ni wimbo wake. Ndege wengine huimba kwa koo. Huyu huimba kwa mti. Huchagua tawi kavu linalovuma vizuri, na wakati mwingine hata bamba la chuma juu ya nguzo, naye husema kwa sauti hiyo: hapa pana mwenyewe, na mwenyewe anatafuta mwenzi. Dume hugonga, na jike pia hugonga.

Jaribuni kuhesabu mapigo. Hamtaweza. Huyu mwenye madoa, ambaye ndiye wa kawaida hapa, hupiga mara kumi hadi kumi na tano hivi katika muda usiofika sekunde moja, kisha sauti hufifia ghafla. Watoto wetu walivumbua njia: wanamrekodi kwa simu, wakifika nyumbani wanaicheza sauti polepole na kuhesabu kwa vidole. Tumeona simu ikitumika kwa mambo mabaya kuliko hilo.

Swali la pili la kila mtoto ni hili: "Mbona kichwa hakimuumi?" Kwa miaka mingi vitabu vilijibu kwamba ndani ya fuvu lake mna mfupa laini kama sponji unaopunguza kishindo. Mwaka 2022 wataalamu walichapisha utafiti baada ya kuwapiga picha za video za kasi vigong'ota wa aina tatu, wakakuta kwamba kichwa hakipunguzi kishindo hata kidogo. Ni kigumu kama nyundo, na hivyo ndivyo inavyofaa. Nyundo yenye mto ndani isingepigilia msumari. Kinachomwokoa ni kwamba ubongo wake ni mdogo sana, na kishindo kinachoweza kumdhuru binadamu hakiudhuru ubongo wa ukubwa ule. Ulimi nao ni wa ajabu. Ni mrefu kiasi kwamba mifupa inayoushikilia huzunguka nyuma ya fuvu na kupanda mpaka karibu na paji la uso. Vidole viwili vya mguu hutazama mbele na viwili nyuma, na manyoya ya mkia ni magumu, anayaegemea kama kigoda.

Kumtambua si kazi. Yule mwenye madoa ni mkubwa kidogo kuliko shore, ana rangi nyeusi na nyeupe, na chini ya mkia ana wekundu mkali. Dume ana alama nyekundu kisogoni, jike hana. Mwezi wa Juni utaona wenye kofia nyekundu utosini, nao ni watoto wao waliotoka shimoni juzi juzi. Wa pili ni kigong'ota wa kijani, mkubwa karibu kama njiwa. Huyo hagongi sana. Utamkuta ardhini majanini akila sisimizi, kwa ulimi wa sentimita 10 hivi, na akiruka hucheka kicheko kikubwa. Watoto wadogo humpenda huyo kuliko wote.

Wa tatu ni mdogo kama shomoro, naye amekuwa adimu mno Uingereza. Hatujamwona. Mlio wake ni dhaifu na wa kujivuta zaidi. Inafaa kumtaja, kwa sababu habari yake inahusu miti iliyokufa, nasi tunataka kusema neno juu ya miti hiyo.

Kuni zisizookotwa

Bibi ya watoto alikuja kwetu kutoka Muheza mwezi wa Januari, kutusaidia na mtoto mchanga. Alikaa karibu na hita na kanga mbili juu ya sweta, akihesabu siku za kurudi. Hakulalamika, lakini alikuwa amenyamaza mno, naye si mtu wa kunyamaza. Tulimwalika kwenda madukani, akakataa. Tulimwalika kwenda kuona jumba la mfalme, akasema jumba la mtu mwingine ataliangalia kwa dirisha la basi. Tulihofia kwamba tutamrudisha nyumbani akiwa mgonjwa wa upweke.

Jumamosi moja ya Machi mjukuu wake wa kati alimvuta mkono. "Bibi, twende ukamsikie ndege."

"Ndege gani wa kuimba katika baridi hii, mjukuu wangu?"

Alikwenda kwa kumridhisha mtoto tu. Tulisimama chini ya mialoni, pumzi zetu zikitoka kama moshi, na baada ya muda mlio ukaja kutoka juu. Bibi akainua kichwa. "Huyu si kigogota?" akasema. "Kumbe na huku yupo!" Akaanza kuwaeleza watoto juu ya mkorosho mkavu ulio nyuma ya jiko lake, na tundu lililomo, na jinsi babu yao alivyokuwa akitaka kuukata kila mwaka. Aliongea njia nzima mpaka kituo cha basi. Tangu siku hiyo kila Ijumaa jioni alikuwa akiuliza kama kesho tunakwenda.

Jambo lililomshangaza ni magogo. Katika bustani ile mti ukifa huachwa umesimama, na tawi likianguka huachwa lilale pale lilipo. Wala hairuhusiwi kuchukua hata kijiti kimoja. Bibi alizunguka gogo moja akiligonga kwa mkono kama mtu anayepima bei. "Kuni zote hizi haziokotwi?" Sisi tuliokulia kwenye mafiga tunamwelewa. Kwa macho yetu mti mkavu ni chakula cha jioni ambacho hakijapikwa.

Lakini mti mkavu ni chakula kwa wengine pia. Ndani ya mbao zinazooza hukaa mabuu ya mbawakawa, na Richmond Park inajulikana kwa mbawakawa wakubwa wenye pembe kama za kulungu, ambao mabuu yao huishi miaka kadhaa ndani ya mbao zilizooza ardhini kabla ya kutoka. Kigong'ota hula mabuu ya namna hiyo, na hutoboa nyumba yake kwenye mti ambao moyo wake umeanza kulainika. Akihama, shimo lake hukaliwa na ndege wengine wasio na mdomo wa kutoboa, na popo. Mti ukikatwa kwa ajili ya unadhifu, wote hao wanakosa pa kwenda.

Uingereza ilijifunza hayo kwa njia ya uchungu. Katika miaka ya 1970 ugonjwa uliua miti ya elmi zaidi ya milioni 25. Kwa miaka michache vigong'ota walikuwa na karamu, kila upande mti mkavu umejaa wadudu. Kisha miti ile ikakatwa au ikaanguka, na kuanzia miaka ya 1980 yule mdogo tuliyemtaja akaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Wataalamu hawatii lawama kwenye jambo moja tu. Wanataja pia misitu iliyokatwakatwa, chakula cha kulishia vifaranga, na kuongezeka kwa yule mkubwa mwenye madoa, ambaye huvunja viota vya wenzake. Yeye mkubwa amezidi kustawi. Huja mpaka kwenye karanga wanazoning'iniza watu nyuma ya nyumba.

Picha

Sasa kamera. Huhitaji ya gharama. Yetu tuliinunua ikiwa imeshatumika, lenzi yake ni ya wastani, na picha nzuri kuliko zote tuliyonayo ilipatikana kwa sababu ya kukaa kimya, si kwa sababu ya kioo. Fika mapema. Mwanzoni mwa Machi jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na saa mbili zinazofuata ndizo zenye mlio mwingi na mwanga wa ubavuni. Jua liwe nyuma yako. Ukimpiga akiwa juu na mbingu nyeupe nyuma yake utapata kivuli cheusi tu; sogea mpaka mti mwingine uwe nyuma yake, au ongeza mwanga kwenye kamera kuliko inavyotaka yenyewe.

Akikuona atazunguka upande wa pili wa shina. Usimzunguke nawe, mtacheza kombolela mpaka saa sita. Simama palepale. Baada ya dakika chache atachungulia, na hapo ndipo picha ilipo: nusu ya uso na jicho moja. Ukitaka kichwa kisitie ukungu anapogonga, kasi ya kamera iwe moja ya elfu ya sekunde. Sisi twaipenda zaidi ile yenye ukungu kidogo, mwili umetulia na kichwa kimekuwa kama moshi, maana ndivyo anavyoonekana kweli. Mwenye simu tu anaweza kuiweka kwenye kioo cha darubini. Inahitaji mkono usiotetemeka na ucheshi wa kutosha.

Jambo gumu huja mwishoni mwa Machi na mwanzo wa Aprili, wanapotoboa shimo. Dume na jike hufanya kazi kwa zamu kwa majuma mawili au matatu, na dume ndiye hufanya zaidi. Utajua kwa vipande vya mbao vilivyo vyeupe, vimelala chini ya mti kama unga wa seremala. Binti yetu mkubwa, akiwa na miaka kumi na miwili, alilipata shimo la namna hiyo kwenye mti mkavu wa betula, si juu sana, karibu na njia. Shuleni kwao kulikuwa na mashindano ya picha, na alikuwa amekwisha kuiona picha yake kichwani: dume akichomoza kutoka mlangoni, mdomo umejaa vumbi la mbao.

Tulikaa nyuma ya gogo, hatua arobaini hivi, tukaangalia saa. Watu walipopita bila kusimama, ndege aliendelea na kazi. Mtu aliposimama chini ya mti, aliondoka, na mara moja alikawia dakika ishirini na mbili kabla ya kurudi. Wakati huo kasuku wa kijani wawili walikuja, wakaingiza vichwa shimoni. Kasuku hao, ambao asili yao ni India na ukanda wa Sahel wa Afrika, wamezaliana sana magharibi mwa London, nao hutafuta mashimo mapema kuliko ndege wengi. Hawatoboi wenyewe vizuri. Hungoja mwenye nyumba atoke.

Tulimwachia binti aamue. Hakulia, lakini uso ulikuwa mzito. Alipiga picha kutoka pale pale nyuma ya gogo, ndege akiwa mdogo kama punje ya maharage katikati ya miti, na hiyo ndiyo aliyopeleka shuleni. Haikupata zawadi.

Juma lililofuata alitokea bwana mmoja mwenye lenzi ndefu kama bomba. Simu yake ilikuwa ikitoa mlio wa kigong'ota uliorekodiwa, ili kumvuta ndege aje karibu. Watu hufanya hivyo, na picha hupatikana. Lakini ndege huacha kazi yake na kuja kupigana na mpinzani asiyekuwepo, tena katika siku ambazo kila saa ya kutoboa ina thamani. Bwana yule alimwendea Bibi, maana alikuwa ameketi kwenye gogo na darubini shingoni kama afisa, akamwuliza shimo liko wapi. Bibi hajui Kiingereza. Alimwamkia kwa Kiswahili, akamwuliza habari za nyumbani kwake, za wazazi, za baridi hii, kama ana watoto, na kama amekwisha kunywa chai. Alisubiri jibu la kila swali. Yule bwana, ambaye kwa kweli alikuwa mtu wa adabu, alitabasamu, akainamisha kichwa, akaenda zake upande wa bwawa. Watoto walikuwa wamejificha nyuma ya mti wakicheka mpaka machozi.

Mayai hutagwa kuanzia Aprili, manne hadi sita, na dume ndiye hulala nayo usiku. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota cha ndege wa porini kinachotumika, lakini sheria haiwezi kusimama chini ya kila mti. Katika juma la mwisho la Mei tulipita njiani bila kusimama, tukasikia vifaranga wakipiga kelele ndani ya betula, sauti moja isiyokatika, kama sufuria inayochemka. Kasuku hawakufaulu.

Wasomaji walioko nyumbani wasidhani kwamba haya ni ya Wazungu. Kigong'ota mdogo, karibu ukubwa wa shomoro, dume mwenye wekundu nyuma ya utosi, yupo katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, hata kwenye bustani za mijini. Mlio wake ni mpole kuliko wa hawa wa Ulaya, kwa hiyo tega sikio. Huko kwetu miti haipukutiki yote kwa pamoja, lakini mgunga wakati wa kiangazi huwa mwepesi wa majani, na asubuhi mapema, kabla ya pikipiki kuanza, anasikika.

Bibi alirejea Muheza mwezi wa Juni. Kila Machi hupiga simu kuuliza kama ameanza, na sisi humwekea simu dirishani ingawa hakuna kinachosikika isipokuwa magari. Naye hutupa habari za huko. Mkorosho ulio nyuma ya jiko bado umesimama. Mchoma mkaa amekwisha kuuulizia mara mbili, na mara ya pili alipandisha bei.